Mali, Burkina Faso na Niger nje ya ECOWAS: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu biashara na mamlaka ya nchi

Maswali haya hurudi kila habari za Sahel, ukanda ulio kusini mwa jangwa la Sahara, zinapotajwa: ushuru, bandari, pasipoti, sarafu, na lile kubwa la kama nchi ikijitoa kwenye jumuiya, hapa ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, huwa imejikomboa au imejifungia. Majibu yamepangwa kuanzia ya msingi. Mwenye haraka aanze na swali la 4, kwa sababu mengi yaliyobaki yanategemea hilo.

## Mambo ya msingi

1. Nchi gani zilijitoa, na lini hasa?

Ni Mali, Burkina Faso na Niger, zote zikiwa chini ya wanajeshi waliotwaa madaraka kwa mapinduzi kati ya 2020 na 2023. Zilitangaza kwa pamoja tarehe 28 Januari 2024 kwamba zinatoka mara moja. Lakini ibara ya 91 ya mkataba wa ECOWAS inadai notisi ya maandishi ya mwaka mmoja, na katika mwaka huo nchi inabaki na wajibu wake wote. Kisheria basi zilitoka 29 Januari 2025. Jumuiya ikaongeza miezi sita ya kuwasubiri, hadi 29 Julai 2025, ikitumaini watabadili nia. Hawakubadili.

ECOWAS ilizaliwa Lagos tarehe 28 Mei 1975. Kabla ya watatu hawa ilikuwa imeshampoteza mwanachama mmoja tu, Mauritania, iliyoondoka 2000. Waliobaki sasa ni 12.

2. Walitoa sababu gani?

Tatu. Kwamba ECOWAS imeacha misingi ya waasisi wake na inatumikia mataifa ya nje, Ufaransa ikiwa ndiyo inayolengwa; kwamba haikuwasaidia kupambana na makundi ya kijihadi; na kwamba iliwawekea vikwazo haramu na vya kikatili.

Hili la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Januari 2022 ECOWAS ilifunga mipaka na Mali na kuzuia fedha zake, na vikwazo hivyo vilidumu hadi Julai mwaka huo. Baada ya mapinduzi ya Niger ya 26 Julai 2023 adhabu ilikuwa kali zaidi: mipaka ilifungwa, akaunti zikazuiwa, Nigeria ikakata umeme iliokuwa ikiiuzia Niger, na jumuiya ikatishia kuingia kijeshi. Niamey, mji mkuu wa Niger, ukawa gizani kwa saa nyingi kila siku, na mchele uliozoea kupitia bandari ya Cotonou nchini Benin ukapanda bei. Vikwazo vingi viliondolewa 24 Februari 2024, karibu mwezi mzima baada ya tangazo la kujitoa. Kama vingeondolewa mapema kidogo, huenda ukurasa huu usingehitajika.

3. AES ni nini? Ndiyo jumuiya mpya ya uchumi?

Bado. AES ni muungano wa nchi hizo tatu za Sahel. Ulianza 16 Septemba 2023 kwa mkataba wa Liptako-Gourma, ambao ni wa ulinzi: akishambuliwa mmoja, wote wameshambuliwa. Tarehe 6 Julai 2024 mjini Niamey ukapandishwa daraja kuwa shirikisho. Una pasipoti yake na tozo yake (swali la 8). Hauna benki kuu, hauna sarafu, na hakuna mwanachama wake hata mmoja mwenye pwani.

4. UEMOA ni nini, na kwa nini inatajwa kila mahali?

Ni umoja wa kiuchumi na kifedha wa nchi nane za Afrika Magharibi: Benin, Burkina Faso, Côte d'Ivoire, Guinea-Bissau, Mali, Niger, Senegal na Togo. Ulianzishwa Januari 1994. Wanachama wanatumia sarafu moja, faranga ya CFA, iliyofungwa kwenye kiwango cha faranga 655.957 kwa yuro moja. Benki kuu yao ni moja, BCEAO, yenye makao makuu Dakar. Tangu 2000 wana ushuru mmoja wa forodha kwa bidhaa zinazotoka nje, na bidhaa zao wenyewe zinavuka mipaka yao bila ushuru.

Nchi hizo tatu zimetoka ECOWAS lakini hazikutoka UEMOA. Hapo ndipo watu wengi wanapotea. Vichwa vya habari vinasema "zajitoa kwenye jumuiya ya kiuchumi", msomaji anadhani Bamako (Mali) na Abidjan (Côte d'Ivoire) sasa ni wageni kibiashara, kumbe bado wanatumia noti zilezile na kitabu kilekile cha ushuru.

Kuna jambo jingine halisemwi sana kwenye mikutano ya hadhara. Vikwazo vilivyouma zaidi, vya fedha, vilipitia BCEAO. Mali mwaka 2022 na Niger mwaka 2023 zilishindwa kulipa madeni yake kwa wakati. Fedha za kulipa zilikuwepo, ila zilikuwa zimefungiwa benki kuu ya pamoja, na mlango wa soko la hatifungani la kanda ulikuwa umekomewa. Yaani fimbo iliyowachapa ilikuwa ndani ya nyumba ambayo hawajaihama.

## Biashara na mipaka

5. Je, bidhaa za nchi hizi sasa zinatozwa ushuru zikiingia kwa jirani?

Inategemea jirani ni nani. Kwa Senegal, Côte d'Ivoire, Benin, Togo na Guinea-Bissau, kanuni za UEMOA zinaendelea kama zamani. Wanaohusika kweli na mabadiliko ni majirani wasiotumia faranga ya CFA: Nigeria, Ghana, Guinea na wenzao. Hao walikuwa wakiunganishwa na Sahel kwa mpango wa ECOWAS wa kuondoa ushuru, na mkataba huo sasa hauwahusu watatu hawa.

Hata hivyo, siku ileile ya 29 Januari 2025 ECOWAS iliagiza wanachama wake waendelee kuzipokea bidhaa za Mali, Burkina Faso na Niger kwa utaratibu uleule mpaka itakapotolewa kauli nyingine. Ni hisani, si haki. Mfanyabiashara anaweza kuitumia leo, ila asiiwekee mkataba wa miaka kumi.

Kwa bidhaa zinazotoka nje kabisa, tuseme China au Ulaya, ushuru haujabadilika: ngazi tano za asilimia 0, 5, 10, 20 na 35. Hizo ni ngazi za ECOWAS tangu 2015, na UEMOA inatumia hizohizo.

6. Nchi zisizo na bahari zinapitisha wapi mizigo yao?

Palepale zilipokuwa zikipitisha. Mali inategemea Dakar na Abidjan. Burkina Faso inategemea Abidjan, Lomé (Togo) na Tema (Ghana). Niger ndiyo iliyohama: njia yake ya kawaida ilikuwa Cotonou, kama kilomita 1,000 kutoka Niamey, lakini ilipogombana na Benin ikaufunga mpaka na kuendelea kuufunga hata vikwazo vilipokwisha. Mizigo yake ikaelekezwa Lomé, kisha kaskazini kupitia Burkina Faso, malori yakienda kwa misafara yenye ulinzi wa jeshi. Ni njia ndefu zaidi, na ni ya hatari. Anayelipia tofauti hiyo ni mnunuzi wa unga na sukari sokoni Niamey.

Haki ya nchi isiyo na bahari kupitisha mizigo kwa jirani haitokani na ECOWAS peke yake. Imo kwenye sheria ya kimataifa ya bahari na kwenye kanuni za Shirika la Biashara Duniani. Senegal haiwezi kuamka tu na kuifungia Mali bandari kwa sababu imetoka kwenye jumuiya. Na isitoshe haina hamu ya kufanya hivyo: mizigo ya Mali ni mkate wa bandari ya Dakar, na mawakala wa forodha, wapakuaji na wenye malori wa huko watakuwa wa kwanza kupiga kelele.

Moroko nayo ilijitokeza mwishoni mwa 2023 na kuahidi nchi za Sahel njia ya kufika Atlantiki kupitia Dakhla. Kwa hotuba ni wazo zuri. Kwa dereva wa lori ni jangwa refu.

Kilichoikaba Bamako mwaka 2025 hakikuwa forodha. Kuanzia Septemba, wapiganaji wa JNIM, kundi la kijihadi, waliyashambulia na kuyachoma malori ya mafuta yanayotoka Senegal na Côte d'Ivoire. Foleni zikajaa vituo vya mafuta, na mwishoni mwa Oktoba serikali ikafunga shule kwa wiki mbili. Bandari zilikuwa wazi na hati zilikuwa sawa, lakini barabara haikupitika.

7. Mfanyabiashara wa kawaida ameguswa vipi?

Mchukue mwenye lori la vitunguu vya Galmi, mji wa kusini ya Niger ulioipa jina aina ya kitunguu cha zambarau kinachopendwa Accra na Abidjan. Magunia yanapangwa juu ya lori hadi yanapita kimo cha kabini, yanafungwa kwa kamba, na mara nyingi mwenye mali au ndugu yake anapanda palepale juu ya mzigo, kwa sababu kitunguu kisichosimamiwa hakifiki. Ushuru si kinachomnyima usingizi. Anaogopa siku. Kila kizuizi cha polisi, cha forodha na cha askari kina saa zake za kusubiri na noti zake za kutoa, na joto likizidi kitunguu cha chini kinaanza kuvuja.

ECOWAS haikuwahi kuvimaliza vizuizi hivyo. Hii ndiyo sababu wafanyabiashara wengi wa njiani walipokea habari za kujitoa kwa kuinua mabega. Lakini jumuiya ilimpa dereva vitu viwili vya maana. Cha kwanza ni bima ya gari inayotambulika nchi zote, ile kadi ya kahawia, ndugu wa kadi ya njano ya COMESA wanayoijua madereva wetu. Cha pili ni hoja. Akizuiwa, anaweza kusema "mimi ni raia wa jumuiya" na kuonyesha kitambulisho chenye nembo. Hoja hiyo haikumfungulia kila mara, ila ilipunguza bei ya mazungumzo.

Wafugaji wako hali hiyohiyo. Ng'ombe na kondoo wa Sahel huliwa Nigeria, Ghana na Côte d'Ivoire, na mikataba ya jumuiya iliruhusu mifugo kuhama na malisho kwa hati maalumu. Mpaka wa Niger na Nigeria una urefu wa zaidi ya kilomita 1,500, na Wahausa wanaishi pande zote mbili. Ukifungwa rasmi, biashara inaendelea kwa njia za panya. Inayopotea ni mapato ya serikali.

8. Tozo ya asilimia 0.5 ni ya nani?

Ziko mbili, na zinachanganywa sana. ECOWAS kwa miaka mingi imejiendesha kwa asilimia 0.5 ya thamani ya bidhaa zinazotoka nje ya jumuiya. Mwishoni mwa Machi 2025 AES nayo ikatangaza asilimia 0.5 kwa bidhaa zinazoingia kutoka nje ya nchi zake tatu, isipokuwa misaada ya kibinadamu, ili kugharimia shirikisho.

Tatizo liko kwenye maneno "nje ya nchi tatu". Abidjan iko nje ya AES lakini iko ndani ya UEMOA, ambako bidhaa za wanachama hazipaswi kutozwa. Huwezi kuzifuata kanuni zote mbili kikamilifu kwa wakati mmoja.

9. Dhahabu, urani na mafuta vimeathirika?

Kwa kujitoa kwenyewe, karibu hapana. Dhahabu ya Mali na Burkina Faso haiuzwi Ghana wala Togo. Inapanda ndege kwenda masoko ya mbali. Ushuru wa ECOWAS haukuwa na uzito hapo.

Mafuta ya Niger ni habari nyingine. Yanatoka Agadem na kupita kwenye bomba la karibu kilomita 2,000 hadi pwani ya Benin. Mei 2024 Benin iliyazuia yasipakiwe melini kwa sababu Niger ilikuwa imeukatalia mpaka usifunguliwe. Mgogoro ulitulizwa, lakini kila upande uliona kwamba umeshikwa na mwenzake.

## Watu, makazi na haki

10. Raia wa nchi hizi sasa wanahitaji viza kwenda kwa majirani?

Hadi sasa hapana. Itifaki ya ECOWAS ya 1979 iliruhusu raia kuingia nchi nyingine ya jumuiya kwa siku 90 bila viza. AES kwa upande wake ilishasema, kabla ya kutoka, kwamba raia wa ECOWAS wataingia kwake bila viza, na ECOWAS imeagiza pasipoti na vitambulisho vya zamani viendelee kutambuliwa. Pasipoti ya AES ilianza kutumika siku ileile ya kutoka.

Swali zito ni la makazi. Côte d'Ivoire inaishi na mamilioni ya watu wenye asili ya Burkina Faso na Mali, wengi wao kwenye mashamba ya kakao. Haki ya kukaa na kufanya kazi ilikuwa ya jumuiya. Sasa inaning'inia kwenye maelewano ya serikali mbili. Wazee wa huko wanakumbuka vita vya mwaka 2002 na jinsi suala la nani ni raia na nani ni mgeni lilivyoweza kuigawa nchi.

11. Raia wamepoteza nini kisheria?

Mahakama. Tangu 2005 mtu binafsi aliweza kuishitaki serikali yake kwenye mahakama ya ECOWAS mjini Abuja kwa kukiuka haki za binadamu, bila hata kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Desemba 2023 mahakama hiyo iliamuru rais aliyepinduliwa wa Niger, Mohamed Bazoum, aachiwe. Hakuachiwa. Wanaosema nchi hizi zimepata mamlaka zaidi wana hoja, ila katika swali hili aliyepata ni serikali na aliyepoteza ni raia.

## Mamlaka ya nchi

12. Je, sasa zinajiamulia mambo yao zaidi kuliko zamani?

Kisiasa, ndiyo. ECOWAS haina tena kiti cha kuwakemea kuhusu tarehe za uchaguzi, na haiwezi kuwafungia mipaka kwa jina la mkataba waliousaini wenyewe. Kwa watawala waliokaa wakihesabiwa siku na Abuja, yaliko makao makuu ya ECOWAS, hilo si dogo.

Kiuchumi, kidogo sana. Viwango vya ushuru vinabaki vya UEMOA, sarafu na riba ni vya Dakar. Na yale mambo makubwa ambayo wananchi wengi huyaona kama matunda ya kujitoa yalifanyika au yangeweza kufanyika wakiwa ndani. Majeshi ya Ufaransa yaliondoka Mali 2022, Burkina Faso 2023 na Niger mwishoni mwa 2023. Mali ilitunga sheria yake mpya ya madini 2023. Niger ilipotaifisha mgodi wa urani wa Somaïr Juni 2025 ilikuwa nje tayari, lakini hakuna kifungu cha ECOWAS ambacho kingeizuia.

Ndani ya UEMOA kwenyewe mambo si shwari. Julai 2025 mjini Lomé mawaziri wa nchi hizo tatu walitoka kikaoni baada ya Burkina Faso kunyimwa zamu ya uenyekiti wa baraza la mawaziri. Bado hawakujitoa.

13. Basi kwa nini wasiiache faranga ya CFA?

Kwa sababu mmoja wao alishajaribu. Mali ya Modibo Keïta, rais wake wa kwanza, ilitoka mwaka 1962 na kuchapisha faranga yake. Majirani hawakuitaka, magendo yakashamiri, thamani ikashuka, na baada ya miaka mingi ya kubanwa nchi ikarudi kwenye umoja wa sarafu 1984. Wazee wa Bamako hawahitaji kuelezwa.

Hilo halimaanishi CFA haina kasoro. Januari 1994 thamani yake ilikatwa nusu kwa usiku mmoja, na ugumu wake dhidi ya yuro huwabana wauzaji wa nje. Ila sarafu mpya inahitaji akiba ya fedha za kigeni na usalama wa kutosha kukusanya kodi nchi nzima, na ugumu wa Sahel sasa uko hasa kwenye hilo la pili.

14. Hii ni sawa na Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya?

Kwa juu juu tu. Waingereza walipiga kura ya maoni 2016 na kubishana bungeni hadi kutoka Januari 2020. Sahel iliamua kwa tangazo la runinga. Uingereza ilikuwa na pauni yake na bandari zake, na ikatoka pia kwenye umoja wa forodha. Nchi hizi tatu hazikuwa na sarafu wala bandari, na kwenye forodha zimebaki.

## Maswali ya pembeni

15. Soko huru la Afrika, AfCFTA, haliwezi kuziba pengo?

Kwa sehemu. Zote tatu zimeridhia mkataba huo, na awamu yake ya utekelezaji ilizinduliwa Niamey kwenyewe, Julai 2019. Lakini AfCFTA inashusha ushuru hatua kwa hatua, na haitoi haki ya kukaa wala bima ya gari.

16. Inaweza kutokea kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki?

Imeshatokea, kwa namna mbaya zaidi: EAC ya kwanza ilivunjika 1977, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya hadi 1983, na mgawanyo wa mali za reli, bandari na ndege haukukamilika hadi makubaliano ya 1984. Mkataba wa sasa umejifunza. Ibara ya 145 inataka theluthi mbili ya wabunge wote waridhie, ndipo notisi ya miezi kumi na miwili itolewe. Hapo ndipo tofauti na Sahel ilipo: huku rais peke yake hatoshi.

Mfano wa karibu zaidi ni Tanzania kutoka COMESA mwaka 2000. Haikutengwa, kwa kuwa ilikuwa SADC na EAC iliyofufuliwa. Na Juni 2025 Rwanda ilitangaza kujitoa ECCAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika ya Kati, baada ya kunyimwa zamu ya uenyekiti; iliwahi kuiacha 2007 na kuirudia. Uenyekiti unavunja jumuiya nyingi kuliko ushuru.

17. Zikitaka kurudi, zinaweza?

Zinaweza, na mlango haujafungwa. Mazungumzo ya pande mbili yalianza Bamako Mei 2025. Ipo pia njia ya katikati: Mauritania, baada ya miaka kumi na saba nje, ilisaini 2017 mkataba wa ushirika wa kibiashara na ECOWAS bila kurudi kuwa mwanachama.

18. Mimi nauza bidhaa kutoka Nairobi au Dar es Salaam kwenda Ouagadougou, Burkina Faso. Nibadilishe nini?

Kwenye ushuru, hakuna. Hukuwa na nafuu ya ECOWAS, kwa hiyo hujaipoteza. Weka tozo ya AES kwenye hesabu yako (swali la 8) na umuulize wakala wako wa Lomé au Abidjan kama cheti cha uasili cha AfCFTA kitakubaliwa kwa bidhaa yako kabla hujafunga kontena. Panga bei kwa yuro, kwa kuwa CFA inaifuata. Na bima ya mzigo ikatie hadi ghala la mwisho, si hadi bandarini, kwa sababu kipande cha hatari kinaanzia pale lori linapovuka mpaka kuelekea kaskazini.